Samansi ya deni haifichwi kabatini

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu wenye mikopo, hasa sisi wa Mwanjelwa.

Jirani yangu, muuza mitumba, aliletewa samansi ya mahakama ya wilaya. Aliyemshtaki ni kampuni ya kukusanya madeni. Akaikunja mara nne, akaisukumia kabatini chini ya sahani. "Wakija nitajieleza," akasema. Aliyekuja ni dalali wa mahakama, akaondoka na friji na mabelo mawili ambayo hata hayajafunguliwa.

Kinachoniuma ni kwamba zaidi ya nusu ya deni alishalipa, na ujumbe wa miamala upo kwenye simu yake. Nani angeutazama, hukumu ikiwa imeshatolewa kwa kusikiliza upande mmoja tu, kwa kuwa yeye hakujibu?

Katika shauri la madai la kawaida kwenye mahakama ya wilaya, mdaiwa ana siku 21 tangu apokee samansi kuwasilisha utetezi wa maandishi. Humo ndimo unakana kiasi usichodaiwa, unaambatisha risiti, unamtaka mkusanyaji aonyeshe mkataba na namna alivyolipata hilo deni. Madai ya mkataba yakipita miaka 6 bila kesi kufunguliwa, unaweza kuweka pingamizi la ukomo wa muda. Kumpigia mkusanyaji simu na kumbembeleza (tunavyopenda!) si kujibu kesi.

Jirani sasa anaomba hukumu itenguliwe. Safari hii karatasi zote ziko kwenye bahasha, na bahasha iko kwangu.

Mfanyabiashara,
Mwanjelwa, Mbeya