Malalamiko kuhusu mkuku na mataruma ya seti ya mashua ndogo ya mbao

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

KUH: SETI YA MASHUA YA KIPIMO CHA 1:50 AMBAYO VIPANDE VYAKE HAVIPACHIKANI

Husika na mada iliyotajwa hapo juu. Nilinunua kwenu seti ya kuundia mashua ndogo ya mbao, ambayo maandishi ya kwenye boksi yanasema kwamba vipande vyote vimekatwa kwa leza na hupachikana bila kuchongwa upya. Ninaandika kwa sababu vipande hivyo havipachikani, na kwa sababu jibu nililopewa na mhudumu wenu kwa simu, kwamba nipige msasa mpaka viingie, halitatui tatizo lenyewe.

Kasoro iliyo kubwa kuliko zote ni ya mkuku, yaani uti wa chini wa mashua. Umekatwa katika plaiwudi ya milimita 4, nao ulikuwa umepinda hata kabla sijauchomoa kwenye ubao wake. Nilipoulaza juu ya kioo, ncha zake za omo (mbele) na tezi (nyuma) ziligusa kioo, lakini sehemu ya katikati iliinuka kiasi cha milimita 3. Nililowesha upande uliobonyea, nikaubana kwa mbao mbili zilizonyooka na kuuacha ukauke taratibu. Ulinyooka kwa muda, kisha ukarudia upindo uleule, jambo linalonifanya niamini kwamba kasoro imo katika matabaka ya plaiwudi yenyewe wala si unyevu wa safarini. Mnafahamu kuliko mimi kwamba mkuku ukipinda, mataruma yote, yaani mbavu za mashua, hufuata upindo huo, mbao za ubavu mmoja huhitaji kuwa ndefu kuliko za ubavu wa pili, na mlingoti hauwezi kusimama wima.

Mikato ya kupachikia mataruma nayo ina upana wa milimita 3.8, ilhali mataruma yenyewe yana unene wa milimita 4.1. Upana peke yake ningeurekebisha kwa tupa na nisingewaandikia, kwa kuwa aliyenunua seti ya mbao amekwisha kukubali kufanya kazi ya mbao. Hata masizi yanayoachwa na leza kwenye kingo nayaondoa kila mara, maana gundi haishiki vizuri juu yake. Taruma namba 5, hata hivyo, haliwezi kurekebishwa kwa tupa wala msasa. Nililiweka juu ya karatasi, nikalizungushia penseli iliyochongwa vizuri, kisha nikaligeuza juu ya mstari huohuo: bega la kushoto lilibaki ndani ya mstari kwa milimita 2. Kwa kipimo cha 1:50, hizo ni sentimita 10 za chombo halisi, na ubao wowote wa ubavuni utakaopita hapo utazama na kuacha bonde ubavuni. Msasa huondoa mbao, nami hapa ninahitaji mbao ambayo haipo. Ushauri wa mhudumu wenu, kwa maneno mengine, ungenilazimu kupunguza mataruma mengine yote ili yalingane na lile lililokatwa vibaya.

Mbao za ubavuni, zenye unene wa milimita 1.5 na upana wa milimita 5, zinapasuka pale zinapokunjwa kufuata mviringo wa omo, ingawa nimezilowesha katika maji ya moto kama kijitabu chenu kinavyoagiza. Ukizitazama kwa upande utaona sababu: nyuzi za mti hazifuati urefu wa ubao, bali zinakatiza kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Pia kijitabu kinataja vipande namba 27 na 28 vya kushikilia usukani, ambavyo havimo katika ubao wowote wa seti. Tanga na kamba sina neno nazo, ni nzuri.

Kwa hiyo naomba mniletee mkuku na mataruma mapya yaliyokatwa katika plaiwudi ya shehena nyingine, mbao za ubavuni ambazo nyuzi zake zimenyooka, pamoja na vipande viwili visivyokuwepo. Naomba mkuku huo ulazwe juu ya meza bapa na kukaguliwa kabla ya kufungashwa, kwa sababu kupokea mwingine uliopinda kutaturudisha hapahapa. Ikiwa hamna akiba ya vipande hivyo, basi nirejeshewe fedha zote nilizolipa, na gharama ya kurudisha seti iwe juu yenu.

Nimeambatanisha picha za mkuku ukiwa juu ya kioo, za taruma namba 5 pamoja na mstari wake wa penseli, na nakala ya risiti. Mataruma na mkuku havijapakwa gundi, na nimevihifadhi ili muweze kuvikagua mkipenda. Nitashukuru kupata jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,
Mnunuzi wa seti