Watafsiri wa filamu, msiruke neno tabaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na hawa wanaotutafsiria filamu. Wiki iliyopita nilikuwa kibanda umiza, hapa Morogoro, tukiangalia Rangasthalam ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Sukumar, steringi wake Ram Charan. Wengi huiita ya Kihindi, kumbe ni ya Kitelugu, lugha ya majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana huko India. Hilo dogo.

Kisa kinatokea kijijini miaka ya 1980. Chitti Babu, kijana mzito wa masikio, anamwagilia mashamba ya watu kwa pampu. Mwenyekiti ameshika kijiji miaka 30, na wakulima wanapokonywa ardhi kwa madeni. Kaka yake Chitti Babu, Kumar, anarudi kutoka Dubai, anagombea kiti kile, anauawa. Hadi hapo mtafsiri alitupeleka vizuri na kibanda kilikuwa moto. Mwishoni Chitti Babu anamuuguza mwanasiasa mmoja aliyepoteza fahamu, anamhudumia kama mzazi wake mpaka anazinduka, halafu anamuua. Mtafsiri alisema tu, "Huyu msaliti." Kijana jirani yangu akauliza, "Sasa si angemwacha afe palepale kitandani?"

Aliuliza kwa haki kabisa, maana jibu lilirukwa. Mwanasiasa huyo ndiye aliyemuua Kumar, kwa sababu binti yake alimpenda, na Kumar ni wa tabaka la chini. Watelugu wanasema kulam. Tabaka letu sisi ni la mali. Ukipata fedha unahama. Kulam unazaliwa nayo na unazikwa nayo. Kumar alisoma, alifanya kazi Uarabuni, na bado damu yake ilionekana haifai. Ukiliondoa hilo, filamu nzima inabaki ngumi na mapanga.

Wala si mambo ya kutunga. Huko huko Andhra, kijiji cha Karamchedu, Julai 1985, Wadalit 6, yaani watu wa tabaka la chini kabisa wanaohesabiwa najisi, waliuawa baada ya ugomvi ulioanzia kwenye bwawa lao la maji ya kunywa, lililokuwa likichafuliwa kwa kuoshea nyati wa kufugwa. Kijiji kingine cha Andhra, Tsundur, Agosti 1991, waliuawa Wadalit 8. Chanzo? Kijana wa Kidalit alidaiwa kumgusa kwa mguu mtu wa tabaka la juu ndani ya ukumbi wa sinema. Ukumbi wa sinema, Mhariri! Nikikumbuka sisi tunavyobanana kwenye mabenchi, magoti yakigusana, mwili unanisisimka. Mwaka 2007 mahakama iliwatia hatiani watu kadhaa kwa mauaji ya Tsundur. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ikawaachia wote. Na Katiba ya India ilipiga marufuku kuwatenga watu hawa kama najisi tangu 1950.

Ninawaheshimu watafsiri. Bila wao mama yangu asingezijua filamu hizi. Ninachoomba ni dakika mbili kabla filamu haijaanza: waeleze Mdalit ni nani, na kwa nini baba anaweza kuua ili binti asiolewe. Watazamaji wa vibandani si watoto, wataelewa.

Mwenye kibanda amekubali kuirudia Jumamosi. Nimemwomba aniruhusu nisimame mbele kabla hajabonyeza kitufe, na yule kijana ameahidi kuja.

Mpenzi wa filamu,
Morogoro