Sijawahi kumpiga mwanangu, lakini humnunia

Ndugu mshauri, salamu.

Nina watoto wawili. Anayeninyima usingizi ni wa kwanza, mvulana wa miaka 10. Tangu muhula uanze, mpira aliokuwa akiuota hata hauulizii. Kila siku ya shule tumbo linamuuma, na tumempeleka kupimwa mara mbili, halijaonekana kitu. Mimi nilidhani mtoto mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hulia au hujikunyata pembeni. Huyu amekuwa mkali: jambo dogo anafoka, kisha anajifungia chumbani. Mwalimu wake ndiye aliyenishtua kwamba kwa watoto sonona huweza kuja na sura hiyo ya hasira, na hali ikizidi wiki mbili isipuuzwe. Huu ni mwezi wa pili.

Niseme sasa lililonileta. Nililelewa kwa bakora, nikaapa mwanangu sitamgusa. Sijamgusa, na nilikuwa najivunia. Ila akikosea, humnunia. Simsemeshi siku mbili, tatu. Akinisalimu naitikia kwa kuguna. Nikiona amenyooka, tunaendelea kama kawaida.

Juzi usiku nilimkuta mezani akifuta jibu la hesabu. Alikuwa amelifuta mpaka karatasi ikatoboka, na lile jibu lilikuwa sahihi. Nilipomuuliza kulikoni, akasema, "Baba, nikikosa utaninunia tena?" Nikamwambia akalale.

Nikaanza kusoma. Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Marekani, katika miaka ya 1960 aliyagawa malezi mafungu matatu: ya kimabavu, ya kuachia tu, na ya mzazi mwenye msimamo lakini anayesikiliza. Nikajiweka fungu la tatu bila kusita! Mbele zaidi nikakuta kitu wanachokiita udhibiti wa kisaikolojia, yaani kumnyima mtoto upendo au kumtwisha hatia ili atii, na kwamba tafiti nyingi zinauhusisha na sonona ya watoto. Muhula uliopita nilimnunia wiki nzima kwa sababu ya mtihani wa hisabati.

Wanasema pia mambo haya huenda pande zote mbili, kwamba ukali wa mtoto nao humchochea mzazi. Basi sijui nani alianza, ingawa mwenye umri mkubwa ni mimi.

Naomba unisaidie. Je, nimwombe radhi? Sijawahi kumsikia baba yangu akimwambia mtoto samahani, na sitaki mwanangu abebe na majuto yangu. Je, nimpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili sasa hivi, au nibadilike kwanza nione? Mama yake anahofia atajiona mgonjwa. Na siku nitakayokasirika kweli, maana nitakasirika tu, nifanye nini badala ya kununa? Mama yangu ananiambia namdekeza.

Leo asubuhi tumbo lilimuuma tena. Nilikaa naye ukingoni mwa kitanda, tukakaa hivyo hivyo mpaka akachelewa shule.

Baba wa wawili