Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: ningu wa Mto Mara

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mhazini. Mimi nitamzungumzia samaki aitwaye ningu, kwa kuwa maswali mengi yaliyofika kwenye kamati yalimhusu yeye, hasa lile pendekezo la kuchimba mabwawa ya kumfuga.

Ningu (Labeo victorianus) hapatikani kokote duniani ila katika bonde la Ziwa Victoria. Zamani alikuwa miongoni mwa samaki wakuu wa biashara. Leo yumo kwenye kundi la walio hatarini zaidi kutoweka. Tumezoea kumlaumu sangara, lakini ningu alishaporomoka kabla sangara hajalijaza ziwa. Nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwenye matamvua, ziliingia ziwani mwaka 1905, zikategwa kwenye midomo ya mito msimu wa ningu kupanda mto kwenda kutaga, na hapo ndipo alipomalizwa.

Maumbile yake ndiyo yanayomponza. Kinywa kiko upande wa chini wa kichwa. Kwa midomo yake minene hukwangua mwani na mabaki ya mimea juu ya mawe na tope. Geuza ningu na kuyu, yule samaki mwingine wa mtoni anayefanana naye, chali, uwatazame vinywa: hamtawachanganya tena. Mpasue ukute utumbo mwembamba uliojiviringa, mrefu mara nyingi kuliko mwili, kwani chakula hicho duni huchukua muda kusagwa.

Masika na vuli, mto ukifura na maji kuchafuka, hupanda kwa makundi hadi kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Jike humwaga mayai, dume hurutubisha, basi. Hakuna kiota wala ulinzi. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache na vifaranga hukulia hapo penye kina kifupi, kisha hufuata maji yanapopungua. Kwa hiyo wavu au mgono (mtego wa samaki) ukiziba mkondo wiki hizo huondoa majike kabla hawajataga. Shamba likilimwa hadi ukingoni huondoa mazalio yenyewe, na tope lake hufunika mwani. Ile marufuku ya shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, iliyo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, inamgusa ningu moja kwa moja.

Kuhusu mabwawa: kuzalisha inawezekana, kwa kumdunga jike homoni. Lakini jike ambaye mayai hayajapevuka hatatoa kitu hata akidungwa, na mayai yakikaa kwenye maji yaliyotuama hukosa hewa na kushikwa na ukungu. Tena vifaranga wa mto mwingine wasimwagwe Mara, tusije tukachanganya mbegu. Kwa maoni yangu, kupandikiza samaki huku mdomo wa mto umezibwa ni kupoteza fedha za chama.

Fomu za mavuno bado zina kasoro. Kuandika "ningu, kilo mbili" hakutusaidii. Andikeni tarehe, mahali, hali ya maji na urefu wa kila samaki, kuanzia ncha ya pua hadi kwenye panda ya mkia. Kisha mbonyezeni tumbo taratibu kuelekea nyuma, mikono ikiwa imelowa: akitoa mayai au maji meupe, wekeni alama. Aliye hai arudishwe mtoni, upande wa juu wa mto kutoka mahali alipokamatwa. Fomu zimfikie katibu kabla ya masika.