Maelekezo ya programu nayo ni sehemu ya programu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua niongelee kitu ambacho sisi tunaokompaili programu huria wenyewe kutoka kwenye sosi (yaani tunazijenga kutoka kwenye msimbo walioandika watengenezaji wake) tunakutana nacho kila mara, nacho ni maelekezo, yaani zile kurasa za man na info na HTML ambazo ndo zinakuambia programu inatumikaje. Hizo ndo zinasumbua kuinstoli kuliko programu yenyewe.

Juzi nilikuwa nakompaili programu moja, jina naomba niliache. Kwenye faili lake la maelekezo niliona neno limekosewa nikalirekebisha, neno moja tu, halafu nikaanza kazi. configure, amri inayokagua mashine kwanza, ikapita bila kulalamika, make, amri inayojenga programu, ikafanya kazi karibu saa nzima, programu ikawa tayari kabisa, halafu ilipoingia kwenye folda ya doc ikagoma, ikasema makeinfo haipo, yaani kifaa kinachotengeneza kurasa za info. Kumbe ile kurasa ya info ilikuja imeshatengenezwa ndani ya kifurushi, ila make inaangalia saa za mafaili, ikaona la kwangu ni jipya kuliko lile lililotengenezwa basi ikataka kulitengeneza upya. Na make ikigonga kosa inasimama, kwa hiyo hata install haikufika, programu nzima imekwamishwa na kitabu chake!

Nikaweka Texinfo, ambayo ndo inakuja na makeinfo, nikarudia, ikagoma tena, sasa inasema faili limeandikwa vibaya na wala sio kwenye mstari niliougusa mimi. Nilihangaika usiku kucha mpaka nikaelewa kwamba kwenye toleo la 5.0 la Texinfo la mwaka 2013 makeinfo iliandikwa upya kwa lugha ya Perl, na ikawa kali, makosa iliyokuwa inayapitisha zamani sasa inayakataa, na sosi yangu mimi ilikuwa ya kabla ya hapo. Ukiuliza watu wanakwambia andika tu make MAKEINFO=true itaruka hiyo hatua. Ni kweli inaruka, lakini ndo umeshayaacha maelekezo yenyewe.

Halafu kuna zile zisizogoma ila zinanyamaza, na mimi naona hizi ni mbaya zaidi maana hujui kama kuna kitu umekosa. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ukiikompaili na kufanya make install unapata programu bila kurasa za man, mpaka ufanye install-doc peke yake, na hiyo inataka vifaa vingine, asciidoc na xmlto (kuna quick-install-man pia inayochukua zilizotengenezwa tayari, hilo nawapongeza sana). PostgreSQL nayo, ile programu ya hifadhidata, make tupu haigusi maelekezo, inabidi make world halafu install-world. Yote hayo yameandikwa, sikatai, lakini yameandikwa kwenye faili la INSTALL na mtu mgeni atajuaje kwamba baada ya install kuna install nyingine? Na ukishaingia kwenye DocBook, muundo mwingine wa kuandikia maelekezo, kama staili zake hazipo kwenye mashine xsltproc, kifaa kinachoigeuza kuwa kurasa, inaweza kwenda kuzitafuta intaneti katikati ya kazi, sasa kwenye seva isiyo na intaneti inakuwaje. PDF ndo sitaki hata kuigusa, LaTeX, programu ya kupanga kurasa inayohitajika hapo, peke yake ni mzigo.

Najua kuna watakaosema soma mtandaoni. Jamani, kurasa za mtandaoni mara nyingi ni za toleo jipya, wewe umekompaili la zamani au lile ambalo bado halijatolewa rasmi, unasoma opsheni ambayo kwako haipo. Maelekezo yanayolingana na programu yako ni yale yaliyotoka kwenye sosi ileile.

Ombi langu kwa wanaotunza programu hizi ni dogo. configure iangalie vifaa vya maelekezo mwanzoni na iseme wazi kama vitakosekana, sio mtu asubiri saa nzima. Kurasa za man zije zimeshatengenezwa kwenye kifurushi. Na maelekezo yakishindwa yaonyeshe onyo tu, programu iendelee kuinstoli.

Kwa ile programu yangu nimeshaandika hayo mabadiliko, ni mistari michache tu kwenye configure, nimewatumia wenyewe pamoja na lile neno nililorekebisha, nasubiri wanijibu.

Msomaji wako