Kamwene! Pasaka njema kutoka Iringa, na kisa cha bakuli la wali wa maziwa

Kamwene ndugu zangu wote, wa Kihesa, wa Ipogolo, wa Kilolo, na nyie mlioko Dar mnaosema baridi ya huku hamuiwezi tena. Kristo amefufuka! Huku mvua bado zipo, asubuhi ukungu unalala mpaka barabarani, mahindi ya kuchoma kila kona na ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, ndo msimu wake wenyewe.

Na hapo kwenye ulanzi ndo nataka tuongee kidogo maana Kwaresima hii niliuacha, siku zote 40, sikuonja hata tone, na mnaonijua mnajua si jambo dogo. Kule shambani baba mdogo anapita asubuhi na jioni na kisu chake, anakata kipande chembamba kabisa kwenye ncha ya chipukizi la mwanzi, anarudishia mbeta, kile chombo cha kukingia utomvu, alafu unaanza kusikia to, to, to. Mimi nikipita hapo mdomo nimefunga ila masikio yanahesabu matone. Usiku nahesabu siku zilizobaki. Ijumaa Kuu natoka kanisani nikajiuliza hivi nimeacha nini hasa, maana mkangafu, ule ulanzi uliokomaa ukawa mkali, mdomoni haupo lakini kichwani nimeshakunywa madebe.

Nikamkumbuka Siddhartha Gautama, yule ambaye watu walikuja kumuita Buddha, nimekua nasoma habari zake muda sasa. Wabuddha wana neno kwa Kipali, lugha ya maandiko yao ya kale, nekkhamma, sisi tungesema kutawa, kama masista wetu wa Tosamaganga. Simulizi zao zinasema alikua mtoto wa mtawala, kalelewa kwenye raha tupu, siku moja akamuona mzee, akamuona mgonjwa, akaona maiti, alafu akamuona mtu aliyeacha yote katulia zake. Akiwa na miaka 29 akaondoka usiku kwenda kuutafuta utulivu ule, kapanda farasi wake Kanthaka, kamuacha mke, Yasodhara, na mtoto mchanga, Rahula.

Hapo kwa mtoto mimi kama mzazi huwa nakwama, nasema ukweli. Na nadhani wenyewe waliona hilo jeraha, maana baadae Rahula naye alipochukuliwa utawani akiwa mdogo, babu yake aliumia sana akaomba isiwe tena mtoto kupokelewa bila ridhaa ya wazazi, na Buddha akakubali ikawa sheria mpaka leo.

Sasa sikilizeni hii sehemu maana ndo imenishika. Alipoondoka alijitesa miaka 6, anakula kiduchu mpaka mbavu zinahesabika, na wenzake watano wapo pembeni wanamuona shujaa. Mwisho akagundua kwamba huku kujikondesha kote na kwenyewe ni kung'ang'ania, mtu anaweza kuifikiria njaa yake mchana kutwa kama mlafi anavyofikiria sahani. Akaja dada mmoja anaitwa Sujata na bakuli la wali uliopikwa na maziwa, akalipokea akala. Wale watano wakasema huyu kashalegea karudia anasa, wakamuacha hapohapo. Yeye alipomaliza kula akaenda kukaa chini ya mti, pale panaitwa Bodh Gaya, huko India, na hakuinuka mpaka alipokiona alichokua anakitafuta, umri miaka 35. Alafu akawafata walewale watano kule Sarnath, hakuwanunia, na jambo la kwanza aliwaambia kuna njia ya katikati, usizame kwenye raha na usijiue kwa mateso.

Yani mtu katawa kweli na bakuli la wali lipo mkononi! Nimelitafakari hilo wiki nzima. Kuna watawa wao mpaka leo wanapita na bakuli, wanakula kinachotiwa humo bila kuchagua, na ikipita saa sita mchana basi mpaka kesho. Waumini wa kawaida nao siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo kuna wanaoshika hivyohivyo kwa siku moja, hawali baada ya mchana, hawachezi ngoma, hawalali kitanda cha fahari. Sikukuu yao kubwa, Vesak, inafata mwezi mpevu kama Pasaka yetu inavyofata, mara nyingi ni mwezi wa tano, na hata Dar pale Upanga wana hekalu lao lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka. Kwaio mwezi mpevu ujao ukitokea juu ya vilima hivi mimi nitawakumbuka.

Basi ndugu zangu, wajomba na shangazi zangu, kuleni leo. Pale ulipoacha nyama Kwaresima nzima, kula nyama, na jirani aliyekosa mpelekee bakuli kabla hajaja kuomba, kama Sujata alivyofanya. Baba mdogo kaleta mbeta ya ulanzi tangu asubuhi, ule mtamu wa leo leo, upo jikoni karibu na mlango. Nimeupita mara nne, na mara ya nne ndo nimejikuta sijauangalia, nilikua naangalia sufuria lisiungue, wali wa Pawaga na maziwa, watoto wameshakaa na vijiko. Jioni nikiletewa kikombe nitapokea.

Pasaka njema sana, karibuni nyumbani.