Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, Goma

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu,

Mwaka ulikuwa mgumu na sababu mnazijua. Banki zimefungwa, njia ya Sake leo inapitika kesho hapana, na wako wenzetu wasiojua ng'ombe wao wako wapi. Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema juu ya ndama, maana hapo tunapoteza mali ambayo tungeiokoa wenyewe.

Kilio cha mwaka kilikuwa kimoja: ndama anazaliwa mzima, wiki haijaisha anahara, anakufa. Watu wanalaumu baridi ya Masisi, wengine jicho baya. Nikiuliza alinyonya lini, naambiwa kesho yake, kwa kuwa mchungaji alingoja kwanza kondo la nyuma litoke. Basi, ndiyo hiyo. Ndama hapati kinga akiwa tumboni. Anaipata kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama aliyezaa, na utumbo wake unazidi kushindwa kuipokea kila saa inayopita. Zikitimia saa 24 tangu azaliwe, anashiba tu, kinga haipati. Ndama wa kilo 40 apewe lita 2 ndani ya saa mbili za kwanza, na lita 2 nyingine kabla hazijatimia saa 12 tangu azaliwe. Asiyeweza kusimama, mama yake akamuliwe, naye anyweshwe kwa chupa polepole, maziwa yasije yakaingia mapafuni. Kondo lisivutwe. Likikaa siku nzima bila kutoka, aitwe daktari wa mifugo.

Kitovu kichovywe kwenye tincha ya iodini mara tu anapozaliwa.

Juu ya kuvuta ndama: nimeshuhudia kamba ya mbuzi imefungwa mguu mmoja, wanaume wanavuta kama wanang'oa kisiki. Hakikisheni kwanza miguu miwili ya mbele na pua vimekuja pamoja. Ng'ombe akisukuma, vuteni kuelekea chini. Akipumzika, nanyi pumzikeni.

Tena, wako wanaochanganya dang'a kwenye bidoni ya maziwa ya kuuza. Mpika fromaji, yaani jibini, anaitambua mara tu maziwa yakiona moto: yanaganda ovyo. Maziwa ya siku 5 za kwanza baada ya kuzaa yasiletwe.

Kamati inaomba mchango ili kila kilima kiwe na sanduku: iodini, kamba safi, chupa yenye chuchu, glavu ndefu. Msizidharau glavu; ugonjwa wa brusela unampata mtu kupitia majimaji ya uzazi, hasa ng'ombe akitupa mimba. Kura itapigwa baada ya hesabu. Kwa maoni yangu, sanduku ashike anayelala karibu na ng'ombe, si mjumbe wa kamati anayelala mjini.